Hamira Mbili

Panya walikuwa wakifa kwa namna iliyomtatiza mtafiti Klaus Schwarz. Kwa wiki kadhaa walikula vizuri na kuonekana wazima. Kisha, pasipo dalili ya kumwonya mtu, walianguka wakafa, na walipopasuliwa maini yao yalikutwa na sehemu kubwa zilizokufa. Hakuna aliyewatilia sumu. Chakula chao kilipimwa kwa mizani, na protini yote iliyokuwamo ilitoka mahali pamoja tu: hamira.

Hayo yalianzia Ujerumani, mjini Heidelberg, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hamira haikuwekwa mbele ya panya kwa bahati. Ujerumani ilikuwa imeonja njaa katika vita ya kwanza, na wataalamu wake walikwisha kujifunza kwamba hamira, ikipewa sukari na chumvi za naitrojeni, hujenga protini kwa kasi ambayo ng'ombe haoni hata vumbi lake. Karibu nusu ya uzito wa hamira iliyokaushwa ni protini. Aina iitwayo Torula haikuhitaji hata sukari safi: iliota katika maji ya viwanda vya karatasi, yale yanayobaki baada ya magogo kupikwa kwa kemikali za salfa. Taka za kiwanda zikageuka chakula. Mtu mwenye njaa hawezi kuudharau ugunduzi wa namna hiyo, na mimi siudharau.

Mwaka 1949 Schwarz alihamia Marekani, akafanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya, Bethesda, jimboni Maryland. Swali lake alilibeba. Kule alijaribu kuwalisha panya hamira ya bia ya Kimarekani badala ya Torula, na panya wakaishi. Tazama ugumu wa fumbo lenyewe: hamira mbili, zote zina protini tele, zote zina vitamini za kundi B; panya wa hii anakufa, wa ile anapona. Vitu viwili vilijulikana tayari kuwa vinakinga ini, yaani asidi amino ya sistini na vitamini E. Schwarz alisadiki kuna cha tatu, kimo ndani ya hamira ya bia na hakimo ndani ya Torula. Kwa kuwa hakukijua jina, alikiita Kipengele cha 3, akaanza kukitafuta. Msako huo ulimchukua miaka.

Ili kuelewa kwa nini jibu lake liliwashangaza watu, lazima turudi nyuma.

Mwaka 1817 Jöns Jacob Berzelius, mkemia wa Uswidi, alikuwa na hisa katika kiwanda cha asidi ya salfa huko Gripsholm. Kiwanda kilichoma mawe ya salfa kutoka migodi ya Falun, na chini ya vyumba vyake vya risasi kulikuwa kukituama matope mekundu. Berzelius na mwenzake Johan Gottlieb Gahn kwanza waliyadhania kuwa na telurimu, elementi iliyopewa jina la dunia kwa Kilatini. Walipochunguza zaidi wakaona ni kitu kipya. Berzelius akakiita seleni, kwa jina la mwezi katika Kigiriki, kwa kuwa kilifanana mno na ndugu yake wa dunia. Lakini undugu wa seleni ulio mzito zaidi ni ule wa salfa, ambayo ndani yake ilikutwa imejificha. Katika jedwali la elementi seleni imekaa moja kwa moja chini ya salfa. Kwa mwenendo wao wa kikemia wanafanana kama shilingi kwa ya pili, ila seleni ni nzito zaidi na huingia katika mabadiliko ya kikemia kwa wepesi zaidi. Historia yote ninayoisimulia hapa imetokana na mfanano huo.

Wafugaji waliujua ubaya wa seleni kabla ya wataalamu kuitaja kuwa ndiyo chanzo. Mwaka 1856 daktari wa jeshi la Marekani aliyeitwa T. C. Madison, akiwa Fort Randall, mahali palipo sasa katika jimbo la South Dakota, alieleza ugonjwa wa farasi waliolishwa katika malisho ya karibu: nywele za shingo na mkia zilipukutika, kwato zikapasuka na kung'oka. Walowezi waliofuata waliuita ugonjwa wa alkali, wakidhani unatokana na maji ya chumvi. Ilipofika miaka ya 1930, Kurt Franke na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo hilo, mjini Brookings, walionyesha kwamba sumu imo ndani ya nafaka zenyewe. Mimea ilikuwa ikiinyonya seleni kutoka ardhini. Na Franke alipoigawa ngano katika sehemu zake, wanga huku na protini kule, alikuta sumu imefuatana na protini.

Jambo hilo la mwisho lilistahili kuzingatiwa kuliko lilivyozingatiwa. Seleni haikuwa imekaa juu ya punje kama vumbi, wala ndani yake kama chumvi katika mchuzi. Ilikuwa imejengwa ndani ya protini. Mmea ulikuwa umeichukua kana kwamba ni salfa.

Basi hadi katikati ya karne ya 20 seleni ilikuwa ni sumu, basta. Mwaka 1943 iliongezewa sifa mbaya nyingine, pale utafiti wa panya ulipoihusisha na uvimbe wa ini. Ndipo mwaka 1957 Schwarz na msaidizi wake Calvin Foltz wakatangaza kwamba Kipengele cha 3, walichokuwa wakikichuja kutoka figo za nguruwe, kina seleni, na kwamba chumvi za seleni zenyewe, kwa kiasi kisichofikia sehemu 1 katika sehemu milioni 10 za chakula, zinawakinga panya na kifo cha ini. Kitu kilichong'oa kwato za farasi kwa wingi wake kilikuwa kikiwaua panya kwa kukosekana kwake. Mwaka uliofuata watafiti wa Oregon walionyesha kwamba seleni huwakinga wanakondoo na ugonjwa wa misuli myeupe, uliokuwa ukiwatia hasara wafugaji kwa miaka mingi.

Na zile hamira mbili? Hamira hula kilichomo ndani ya mchuzi wake. Ya bia iliota katika mchuzi wa nafaka, na nafaka huleta seleni ya shamba. Torula iliota katika maji ya miti yaliyosheheni salfa. Protini zao zilipopimwa kwa naitrojeni zilionekana sawa. Tofauti ilikuwa atomu chache.

Mwaka huohuo wa 1957, Dean Cowie na Georges Cohen walichapisha jaribio ambalo naliona kuwa ndiyo nguzo ya habari yetu, ingawa halikuhusu hamira bali bakteria wa utumboni. Kuna asidi amino iitwayo methionini, ambayo kila protini huanza kujengwa kwayo, nayo ina atomu moja ya salfa. Cowie na Cohen walichukua bakteria wasioweza kujitengenezea methionini, wakawanyima kabisa, wakawapa badala yake selenomethionini: umbo lilelile, ila pale pa salfa pana seleni. Bakteria wakaota. Walichelewa, lakini waliota kizazi baada ya kizazi, na vimeng'enya vyao viliendelea kufanya kazi. Kiumbe kilikuwa kimejenga protini zake kwa tofali la kuazima, na nyumba haikuanguka.

Hamira ya kuokea mikate, Saccharomyces cerevisiae, hufanya hivyohivyo. Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba hamira yenyewe inaihitaji seleni. Mwili wa binadamu unaihitaji seleni: tunavyo vimeng'enya ambavyo haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Cha kwanza kuthibitishwa, mwaka 1973, ni kile kinachoangamiza peroksidi kabla hazijachoma utando wa seli. Mwaka 1976 Thressa Stadtman alibainisha kwamba seleni katika vimeng'enya vya namna hiyo hukaa ndani ya asidi amino ya pekee, selenosisteini, na mwaka 1986 ikaonekana kwamba jeni zina alama ya makusudi inayoiita mahali pake. Hamira haina alama hiyo, haina mitambo ya kuisoma, wala haina protini hata moja inayoihitaji seleni. Tukisema hamira imerutubishwa kwa seleni, tunasema kwa upande wetu sisi tutakaoila. Kwa upande wake imepotoshwa.

Upotovu wenyewe huenda hivi. Watengenezaji hutumia zaidi chumvi iitwayo selenaiti ya sodiamu. Seli ya hamira haina mlango wa selenaiti, lakini ina milango ya fosfati na mlango wa asidi ndogondogo kama ya maziwa yaliyochacha, na selenaiti hupenya humo. Ikishaingia hukutana na glutathioni, kinga kuu ya seli dhidi ya kuchomwa na oksijeni. Glutathioni huivua selenaiti oksijeni zake hadi inabaki selenidi, na katika kazi hiyo glutathioni yenyewe hutumika. Selenidi huchukuliwa na kimeng'enya kilekile ambacho kila siku huchukua salfa kuanza kujenga methionini, na hatua chache mbele inatoka selenomethionini. Kimeng'enya kinachoipeleka methionini kwenye ujenzi wa protini hakiwezi kuzitofautisha. Huipokea hii kama ile.

Kwa hiyo ukitaka seleni nyingi iingie katika protini, punguza salfa katika mchuzi. Viwanda vilijua hivyo tangu vilipoanza kutengeneza hamira ya seleni katika miaka ya 1970. Hamira huoteshwa ndani ya matangi yenye molasi na hewa nyingi, salfa ikiwa ya kubania, na selenaiti hudondoshwa polepole kadiri hamira inavyoongezeka. Ikimiminwa kwa mkupuo, seli hujaa sumu. Glutathioni huisha, oksijeni kali huanza kuchoma, nyuzi za DNA hukatika, ukuaji hudumaa, na protini inayovunwa hupungua pamoja na hamira yenyewe. Seli nyingine hujitetea kwa kuigeuza selenaiti kuwa seleni tupu, na mchuzi hubadilika kuwa mwekundu, wekundu uleule alioukuta Berzelius chini ya vyumba vya risasi. Fundi wa hamira akiona wekundu huo anajua seleni yake imepotea njia, kwa maana haikuingia katika protini.

Kazi ikifanywa kwa subira, mavuno ni ya ajabu. Gramu moja ya hamira kavu hubeba mikrogramu 2,000 za seleni na pengine zaidi, sehemu kubwa ikiwa selenomethionini iliyofumwa ndani ya protini. Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada hutoa sampuli ya hamira ya namna hii ili maabara zisahihishe vipimo vyao. Katika sampuli hiyo takriban methionini tatu kati ya kila kumi zimebadilishwa atomu. Theluthi nzima karibu! Mwaka 2003 kundi la Ryszard Łobiński, lililokuwa Pau nchini Ufaransa, lilitenganisha protini za hamira iliyolishwa seleni ili kujua ni zipi hasa zimeibeba. Mbili zilizojitokeza wazi ni protini ambazo hamira huzitoa ikiwa taabuni, moja katika chumvi kali, nyingine katika joto.

Lakini swali lililobaki lilikuwa hili: seli inaweza kufika mbali kiasi gani? Bakteria wa Cowie na Cohen walikuwa wamebadilisha methionini yote. Je, hamira?

Swali hilo lilipata haraka ya ghafla kwa sababu ambayo haikuhusu chakula. Mwaka 1990 Wayne Hendrickson na wenzake walionyesha kwamba protini yenye selenomethionini ni zawadi kwa anayechunguza maumbo ya protini kwa eksirei. Atomu nzito ya seleni huiyumbisha miale kwa namna inayopimika, na kutokana na hizo chache mtu anaweza kukokotoa mahali pa maelfu ya atomu nyingine. Kwa protini zinazoweza kutengenezwa na bakteria, njia hiyo ilienea upesi. Ila kuna protini kubwa zenye vipande vingi ambazo bakteria hawawezi kuziunga, lazima hamira. Kundi la Roger Kornberg, Stanford, lilikuwa likichunguza polimerasi ya pili ya RNA, mtambo unaosoma jeni, iliyovunwa kutoka kwa hamira. Walifaulu kuingiza selenomethionini ndani yake, na mwaka 2001 atomu hizo ziliwasaidia kama alama za njia wakati wa kuufuata uzi wa protini ndani ya picha. Kornberg alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2006.

Walifaulu kwa shida, maana hamira ikinyimwa methionini na kupewa selenomethionini hufa. Kwa nini bakteria waishi na hamira ife, ikiwa tofali ni lilelile? Wengi waliona jibu dhahiri: protini zenye seleni zimeharibika. Jibu hilo lilikuwa na kosa, na namna lilivyosahihishwa ni kazi nzuri sana ya maabara.

Mwaka 2007 kundi la Rochester, New York, lilichukua hamira iliyonyang'anywa jeni mbili zinazogeuza methionini kuwa S-adenosilimethionini, kitu ambacho seli hukitumia katika shughuli nyingi zisizo za ujenzi wa protini. Hamira hiyo iliyokatwa njia moja ilistahimili selenomethionini na ikatoa protini ambazo methionini zake karibu zote zilikuwa na seleni. Maana yake, protini zenyewe hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa katika mambo mengine ambayo seli huyafanya na methionini. Mwaka 2008 watafiti walipoyapitia maelfu ya aina za hamira, kila moja imeondolewa jeni moja, waliona kwamba ukiiondoa jeni iitwayo CYS3 hamira pia hustahimili. Jeni hiyo hushughulika na hatua ya mwisho ya kuigeuza methionini kuwa sisteini, asidi amino nyingine yenye salfa.

Mwaka 2017 kundi la Ufaransa, la École Polytechnique, liliiunganisha minyororo hii. Katika hamira ya kawaida selenomethionini haikai ilivyo. Sehemu yake hupita njia hiyo ya CYS3 na kuwa selenosisteini, ile asidi amino ambayo kwetu sisi huwekwa kwa makusudi mahali maalumu. Hamira haina mahali hapo. Huipokea kana kwamba ni sisteini na kuitia popote panapohitaji sisteini, na sisteini ndizo zinazoshikilia mikunjo ya protini nyingi na kufanya kazi katikati ya vimeng'enya. Protini zilizojengwa hivyo hujikunja vibaya, hushikana na kuganda kama maziwa yaliyokatika. Kwa hiyo seleni ikikaa mahali pa methionini, hamira huvumilia. Ikihamia mahali pa sisteini, ujenzi wa protini unavurugika.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo alama ya Franke ya miaka ya 1930, sumu inayofuatana na protini, ilipopata maelezo yaliyosimama, angalau kwa hamira. Kazi inaendelea. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Warsaw, watafiti kama Marek Kieliszek na Stanisław Błażejak wamekuwa wakipima namna seleni inavyobadilisha ukuaji na asidi amino za hamira, na mojawapo ya hamira zao ni Candida utilis. Hilo ni jina la kitaalamu la Torula, ileile iliyokosa seleni ikawaua panya wa Schwarz.

Hamira ya seleni iliwafikia pia mifugo na watu. Marekani iliruhusu iongezwe katika chakula cha kuku mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya ukairuhusu kwa mifugo mwaka 2006. Kwa watu, jina lake lilipaa mwaka 1996, pale Larry Clark wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walipotoa matokeo ya jaribio la watu 1,312 waliokwisha kuugua saratani ya ngozi. Kila siku walimeza kidonge chenye mikrogramu 200 za seleni ndani ya hamira ya bia, au kidonge kisicho na kitu. Saratani ya ngozi haikupungua, lakini vifo vya saratani kwa jumla vilipungua kwa nusu. Matumaini yalikuwa makubwa mno. Jaribio jingine likaandaliwa Amerika ya Kaskazini, la wanaume zaidi ya 35,000, safari hii kwa selenomethionini badala ya hamira. Lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa halikuonyesha kinga yoyote dhidi ya saratani ya tezi dume. Walipoyarudia matokeo ya Clark, watafiti walikuta kisukari kimeongezeka kwa waliomeza seleni.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 za seleni kwa siku, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mpaka wa juu kuwa mikrogramu 255. Nafasi kati ya namba hizo mbili ni ndogo kuliko ilivyo kwa virutubisho vingi. Ukiona chupa ya vidonge vya hamira ya seleni dukani, soma kwanza idadi ya mikrogramu, jumlisha na unachokula, na umuulize daktari kama unaihitaji kabla hujalipa.